Kadi mbili, ini moja: virusi vinavyoandamana na kifua kikuu

Mjomba wangu alikuwa na kadi mbili ndani ya bahasha moja ya kaki. Moja alipewa dirisha la TB, nyingine kliniki ya CTC, ya matunzo ya wenye VVU, na siku za kuhudhuria zilipishana: huku Jumanne, kule Alhamisi. Asubuhi alimeza vidonge vinne vikubwa vya TB, kisha kidonge kimoja cha TLD, chenye dawa tatu za kufubaza VVU. Jioni alitakiwa kumeza kidonge kingine kidogo, peke yake. Kwa wiki kadhaa hakukigusa. Si kwa ukaidi. Alisoma jina kwenye kopo, akaona ni dawa ile ile iliyomo tayari ndani ya TLD, akaamua kuwa waliompa wamekosea. "Hii si nimeshaimeza asubuhi?" aliniuliza. Dirishani walimwambia tu, "Mzee, hiki cha asubuhi, hiki cha jioni." Kwa nini, hakuambiwa.

Jibu la swali lake ni refu kuliko nilivyodhani. Linaanzia kwenye jambo ambalo mabango ya zahanati hulitaja kwa nusu sentensi: kifua kikuu mara nyingi hakiji peke yake. Kinaandamana na virusi, na kila kirusi kina namna yake ya kukichochea, kukificha au kuivuruga tiba yake. VVU ndivyo tunavyovijua zaidi. Vipo pia virusi vya homa ya ini B na C, cha surua, na kile cha UVIKO-19 kilichotufungia majumbani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. TB haitokani na kirusi. Inaletwa na bakteria, yule ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani ikawekwa tarehe hiyo. Bakteria anauawa kwa antibaiotiki, na tiba yake ina mwisho: kwa TB ya kawaida ni miezi sita, mtu akamaliza na kupona kabisa. VVU na homa ya ini B havina dawa ya kuvimaliza mwilini. Vinafubazwa tu, na dawa zake ni za miaka mingi, pengine za maisha. Kwa hiyo mwenye magonjwa yote mawili yuko kwenye safari mbili zenye urefu tofauti, na anazitembea kwa mwili mmoja.

Boma la miiba

Inakadiriwa kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB. Wengi wao hawatawahi kukohoa kwa sababu hiyo. Kati ya walioambukizwa wenye kinga nzuri, ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaougua maishani mwao mwote. Wanaobaki wanaishi naye, naye amenyamaza.

Ananyamazishwaje? Bakteria anapovutwa pamoja na hewa hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya pafu, anamezwa na seli ya ulinzi ambayo kazi yake ni kula vimelea. Kwa bakteria wengine habari ingeishia hapo. Huyu anamezwa lakini hasagiki, anaishi na kuzaliana ndani ya tumbo la yule aliyemla. Mwili ukishindwa kumuua, unamzungushia boma: seli juu ya seli, safu juu ya safu, mpaka linakuwa kifundo kidogo ndani ya pafu na bakteria yumo katikati.

Nalifananisha na boma la miiba la mfugaji kwa sababu moja. Boma hilo halijengwi mara moja likaachwa. Miiba inakauka, inavunjika, na kila siku lazima aje mtu kuongeza mipya. Wanaofanya kazi hiyo mwilini ni seli nyeupe za damu zinazoitwa CD4. Hizo ndizo zinazotoa amri na kuzitia nguvu zile seli zinazomeza vimelea. CD4 zikipungua, boma linaanza kuachia pengo hapa na pale.

Na CD4 ndizo VVU vinazozishambulia. Vinaingia ndani yake, vinazaliana humo, vinaziua. Tulizoea kufikiri kuwa hatari ya TB inakuja baadaye sana, CD4 zikiwa zimebaki chache na mtu ameshakonda. Utafiti uliofanywa kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha vingine: hatari ya kuugua TB iliongezeka mara mbili ndani ya mwaka wa kwanza tu baada ya mtu kupata VVU. Asipotumia dawa, mtu mwenye VVU ambaye tayari amebeba bakteria wa TB ana uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kuugua, na hiyo ni kwa kila mwaka. Ile ya mwenye kinga nzuri, kumbuka, ilikuwa ya maisha yake yote.

Uhusiano huu una upande wa pili, nao husahaulika. TB nayo inavilisha VVU. Kirusi hiki hakistawi kwenye seli iliyolala. Kinataka seli iliyoamshwa, iliyo tayari kupigana. TB ikilipuka kwenye mapafu, mwili unapiga mbiu ya mgambo, na kemikali zinamwagwa kuziita CD4 na kuziamsha. Zinakuja kwa wingi mahali pamoja, zikiwa macho, yaani katika hali ile ile ambayo VVU vinaipenda. Kiasi cha virusi kinapanda, CD4 zinashuka, boma linazidi kulegea, TB inasambaa. Kila mmoja anamfungulia mwenzake mlango.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023 zinaonyesha gharama yake. Watu milioni 10.8 waliugua TB mwaka huo, na waliokuwa na VVU kati yao walikuwa asilimia 6.1. Ukiingia kwenye hesabu ya vifo, kati ya watu milioni 1.25 waliofariki kwa TB, 161,000 walikuwa na VVU, karibu asilimia 13. Yaani sehemu yao katika vifo ni zaidi ya maradufu ya sehemu yao katika wagonjwa.

Hesabu hizo hizo zina jambo jingine ambalo ningependa lifike kila mtaa. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi duniani waliougua TB mwaka huo hawakuwa na VVU. Hata kwetu Afrika Mashariki, ambako VVU vilitupiga sana, wagonjwa wengi wa TB leo hawana virusi hivyo. Bado jirani akikohoa mwezi mzima minong'ono inaanza, na wapo wanaojificha na TB inayotibika kwa sababu ya minong'ono hiyo. Kila mwenye TB anapaswa kupimwa VVU kwa sababu majibu yanabadilisha tiba. Kumpima hakuna maana kwamba ameshahukumiwa.

TB inayojificha

Hapa kuna kitendawili ambacho kimeua watu wengi. TB ya mtu mwenye kinga nzuri ina kelele. Mwili unapopigana nayo kwa nguvu, pafu linaharibika na kutoboka mashimo, mashimo yanajaa bakteria, na mtu anakohoa makohozi yenye bakteria tele. Fundi wa maabara akiyaweka chini ya darubini, anawaona.

Mwenye CD4 chache hana nguvu ya kupigana hivyo. Pafu halitoboki. Makohozi yanakuwa na bakteria wachache mno au hayatoki kabisa, darubini haioni kitu, na picha ya eksirei inaweza kuonekana kama ya mtu mzima wa afya. Wakati huo huo bakteria wanasambaa kwenye tezi, ini, wengu, figo, hata kwenye utando wa ubongo. Karatasi ya majibu inasema "hakuna TB", na mgonjwa anarudi nyumbani kufia TB.

Ndiyo maana ujio wa mashine ya GeneXpert ulikuwa na uzito sana. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010. Mashine hiyo inatafuta vinasaba vya bakteria, inawagundua hata wakiwa wachache kuliko darubini inavyoweza kuwaona, na ndani ya saa mbili hivi inasema pia kama wameshakuwa sugu kwa dawa ya rifampisini.

Kipimo ninachokipenda mimi ni kidogo zaidi, nacho hakihitaji hata umeme. Ni ukanda wa karatasi wa kupima mkojo, unaoitwa LAM. Bakteria anaposambaa mwilini, vipande vya ganda lake vinachujwa na figo na kutoka na mkojo. Mhudumu anadondosha tone dogo la mkojo kwenye ukanda, anasubiri dakika 25, kisha anaangalia kwenye mwanga kama kuna mstari. Wakati mwingine mstari wenyewe ni hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa, ikabidi aulinganishe na kadi ya mfano. Uzuri wake ni huu: kadiri mgonjwa alivyo mahututi na CD4 zake zilivyo chache, ndivyo kipimo kinavyofanya kazi vizuri zaidi. Kinaona pale hasa darubini inaposhindwa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali kumi za Afrika Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe kwa wagonjwa waliolazwa wakiwa na VVU. Ndani ya wiki nane walifariki asilimia 21 ya waliopimwa kwa LAM pamoja na vipimo vya kawaida, na asilimia 25 ya waliopimwa kwa vipimo vya kawaida pekee. Wanne katika kila mia, kwa tone la mkojo.

Kirusi kufunika TB si jambo lililoanza na UKIMWI. Mwaka 1908 daktari wa watoto Clemens von Pirquet wa Vienna aliandika jambo aliloliona kwa watoto wenye surua. Kile kipimo cha ngozi cha TB, ambacho mwili hukijibu kwa uvimbe mwekundu, kilikuwa kinapoteza jibu mtoto akiwa na surua, kisha jibu linarudi akipona. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekiona kirusi cha surua. Lakini von Pirquet alikuwa ameshika ushahidi wa mapema kabisa kwamba ugonjwa mmoja unaweza kuilaza kinga inayoulinda mwili dhidi ya ugonjwa mwingine. Wazee waliosema mtoto akitoka surua aangaliwe sana kifua hawakukosea.

Kinga ikiamka ghafla

Basi dawa za VVU zianze lini kwa mtu aliyegundulika na TB? Zamani wengi walishauri amalize TB kwanza, ili asibebe mzigo wa vidonge vyote kwa pamoja. Utafiti wa Durban, uliochapishwa mwaka 2010 na timu ya Salim Abdool Karim, ulivunja mazoea hayo: waliotibiwa magonjwa yote mawili kwa pamoja walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 56 kuliko waliosubiri. Leo mwongozo wa kimataifa ni kuanza dawa za VVU ndani ya wiki mbili tangu kuanza za TB. Isipokuwa TB ikiwa imeingia kwenye utando wa ubongo. Hapo husubiriwa wiki nne hadi nane.

Kinachofuata ndicho kinachowatisha watu. Mgonjwa anaanza ARV, na baada ya wiki mbili tatu hali inakuwa mbaya zaidi. Homa inarudi, tezi za shingo zinavimba, kikohozi kinazidi. Nyumbani wanasema dawa zimemkataa. Kinyume chake ndicho kinachotokea: CD4 zimeanza kurudi, zimewakuta bakteria waliokuwa wakila bila bughudha, na vita vimeanza kwa kelele. Lazima arudi kliniki, kwa sababu wapo wanaohitaji dawa ya kutuliza uvimbe na wapo ambao tatizo lao ni jingine kabisa, kama usugu wa TB. Akiacha dawa zote nyumbani kwa kudhani zinamuua, hapo ndipo anapokuwa hatarini kweli.

Mahali pa pili pa kukutania

Mpaka hapa magonjwa yamekutana kwenye kinga. Mahali pa pili yanapokutana ni kwenye dawa, na sisi Afrika Mashariki tulilijua hilo kwa njia chungu.

Kwa miaka mingi TB ilitibiwa kwetu kwa isonayazidi iliyochanganywa na thayasetazoni, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei. Thayasetazoni ilivumilika. Kisha VVU vikaja, na kidonge kile kile kikaanza kuwachuna watu ngozi. Vipele, malengelenge mdomoni na machoni, ngozi inatoka kama ya mtu aliyeungua maji ya moto. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulikuta madhara ya ngozi kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye VVU, wakati kwa wasio na VVU yalikuwa kwa mmoja hivi katika mia. Dawa haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni mwili uliokuwa ukiipokea.

Leo kidonda kinachofanana na hicho kiko kwenye ini. Tatu kati ya dawa nne za mwanzo za TB, yaani rifampisini, isonayazidi na pirazinamidi, zinaweza kuliumiza ini. Watu wengi wanazimaliza salama. Lakini mtu mwenye homa ya ini B anaanza safari na ini lililokwisha kuchubuliwa, na uwezekano wa kuumizwa na dawa unakuwa mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 65 kanda ya Afrika wanaishi na kirusi hicho, na walio wengi hawajui. Chanjo yake iliingia kwenye chanjo za watoto wachanga wetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Tumejenga mazoea mazuri ya kumpima VVU kila mwenye TB. Kumpima homa ya ini B, kwa tone lile lile la damu ya kidole, bado hakujawa mazoea katika vituo vingi, na kwa maoni yangu hili ndilo pengo la kuzibwa kwanza.

Kuna mtego mdogo hapa ambao kila familia yenye mgonjwa inapaswa kuujua. Rifampisini inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa au nyekundu, hata jasho na machozi. Hiyo ni kawaida, haina ubaya wowote. Lakini mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi ni dalili ya ini kuumia, na mgonjwa anayejua kuwa "dawa inabadilisha mkojo" anaipuuza. Usitegemee mkojo. Mpeleke mgonjwa nje mchana, mvute kope la chini, uangalie weupe wa jicho. Ukiwa wa manjano, au akitapika na kukataa chakula, aende kituoni siku hiyo hiyo na dawa zake zote mkononi. Huko wanaweza kuzisimamisha, wakapima ini, na likitulia wakazirudisha moja baada ya nyingine mpaka wajue ipi ni salama kwake. Pombe, dawa za mitishamba na kumeza panadoli ovyo wakati wa tiba humwongezea ini lile lile mzigo.

Kwa mwenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja kuna habari njema: tenofoviri na lamivudini, zilizomo ndani ya TLD, zinapigana na virusi vyote viwili. Upande mwingine wa habari hiyo ni kwamba akiziacha ghafla, homa ya ini inaweza kulipuka.

Homa ya ini C ina kisa chake, hasa kwa wanaojidunga dawa za kulevya. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, Februari 2011, na kwa watu hawa TB, VVU na homa ya ini C mara nyingi hukutana. Hapo rifampisini inaleta balaa jingine: inalifanya ini liisafishe methadoni haraka mno. Mtu aliyetulia kwa miezi anaanza kutetemeka, kuhara, mifupa kuuma. Anaijua hali hiyo kwa jina lake, arosto. Asipoongezewa dozi ya methadoni, atarudi mtaani kuitafuta nafuu anayoijua, na dawa za TB atazitupa njiani. Dawa za kisasa za kuponya homa ya ini C nazo hazichangamani na rifampisini, kwa hiyo TB inamalizwa kwanza.

Kuhusu UVIKO-19 nitasema kifupi. Takwimu za jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, zilionyesha mwaka 2020 kwamba mwenye TB aliyeambukizwa alikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili. Lakini madhara makubwa zaidi yalitokea nje ya mwili. Watu waliogopa kukohoa hadharani, zahanati zikaachwa, na wagonjwa wapya wa TB walioripotiwa duniani wakashuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua. Waliopungua ni waliopatikana.

Kidonge cha jioni

Sasa turudi kwa mjomba. Rifampisini, ile iliyoleta arosto, inaliamuru ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa. Ini halichagui. Linavunja methadoni, linavunja homoni za vijiti vya uzazi wa mpango, na linavunja dolutegraviri, ile herufi D ya TLD. Dozi ya asubuhi inakuwa imeshapungua mno kabla ya usiku kuisha, na virusi vinapata nafasi. Hivyo mgonjwa anaongezewa miligramu 50 za dolutegraviri saa kumi na mbili baada ya TLD. Jina lilikuwa lile lile kwa sababu dawa ni ile ile. Hakuna aliyekuwa amekosea.

Nilimchorea kwenye ubao wa shule wa mjukuu wake: ini katikati, rifampisini ikiwa mtu mwenye panga, dolutegraviri zikiingia upande mmoja na kutoka zimekatwakatwa. Aliangalia, akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Na hii rifampisini nikiimaliza, panga linaondoka siku hiyo hiyo?" Haliondoki. Ini huchukua kama wiki mbili kurudi kwenye mwendo wake, ndiyo maana kidonge cha jioni kinaendelea kwa wiki mbili baada ya dozi ya mwisho ya TB.

Alimaliza. Kadi ya TB ilipigwa muhuri ikabaki dirishani. Kwa wiki mbili zaidi simu yake ililia kila siku saa moja usiku, akanyanyuka kwenye mkeka, akachukua kikombe cha maji. Sasa bahasha ina kadi moja, na simu hailii tena jioni.